Vipindi vya Bure, ili Sista Apumzike

Jumatatu, 4 Agosti 2003

Leo Sista Philomena, nesi wa hospitali yetu, amepiga mwayo hewani. Alikuwa anaeleza namna ya kumwogesha mtoto mchanga. Akafika kwenye kitovu, akapiga mwayo mrefu mpaka sindano ya mtambo ikalala. Somanda nzima, mtaa wetu hapa Bariadi, imeusikia. Mimi, meneja, fundi, msoma habari na mfagiaji wa Redio Kitumba, nimeumia moyo.

Baada ya kipindi akakaa kwenye gunia la pamba tunaloliita kochi. Akavua viatu. Akasema amechoka: wodini tangu alfajiri, halafu huku kila saa kumi na moja jioni. Kisha akasema, huku akiangalia vidole vyake vya miguu, kwamba mganga mkuu amemwita. Kuna nafasi katika zahanati moja huko Malampaka. Nyumba ipo, na treni inapita. Anatakiwa atoe jibu Ijumaa ya wiki ijayo.

Nikamuuliza ana mpango gani. Akasema hajui, inategemea kama kuna kitu cha kumshika hapa Bariadi. Halafu akanitazama. Akaendelea kunitazama. Mimi nikageukia mtambo, maana ulikuwa unanuka kuungua. (Haukuwa unaungua. Ndiyo harufu yake.)

Nimewaza jioni nzima. Mtu aliyechoka hashikwi na kitu chochote isipokuwa usingizi. Dawa yake ni kupumzika. Akipumzika, ataona Bariadi pazuri. Akiona pazuri, atabaki. Akibaki, nitapata wasaa wa kumwambia lile neno ninalolitafutia nafasi tangu masika ya mwaka juzi.

Hivyo basi: vipindi vya bure! Tangu serikali iruhusu kila mwenye mlingoti kuwa na redio yake, wamezuka watu Mwanza, Dar es Salaam na hata Ulaya, ambao kazi yao ni kurekodi vipindi na kuwagawia redio ndogo. Na ndogo kama sisi sijaiona. Siku ya mawingu sauti yetu inaishia darajani. Wao watume kaseti, mimi nibonyeze, Sista alale.

Nashangaa kwa nini sikuliwaza hili mapema. Ni akili ya hali ya juu.


Jumanne, 5 Agosti

Barua nimemkabidhi kondakta wa basi la Mwanza. Nimeandika kwamba Redio Kitumba ndiyo inayoongoza Kanda ya Ziwa. Si uongo, kwa ile sehemu ya kanda inayoonekana ukipanda juu ya mlingoti wetu. Kwenye idadi ya wasikilizaji, nilijumlisha na ng'ombe. Wanasikiliza! Mchungaji anatembea na redio begani siku nzima, ng'ombe watakimbilia wapi?

Januarius aliniona na bahasha. Huyu ana duka la kurekodi kaseti ng'ambo ya barabara. Anatuazima muziki, nasi tunalitaja duka lake. Spika yake ameielekeza kwenye dirisha letu makusudi, kwa hiyo nikisoma matangazo ya vifo, bolingo linaingia katikati ya marehemu. Akauliza natuma nini. Nikamjibu mambo ya kiofisi. Akauliza ofisi ipi, ile yenye kuku?

Kuku si wa ofisi. Ni wa Mzee Masele, mwenye redio. Anataga chini ya meza ya habari kwa hiari yake.

Mzee Masele mwenyewe alifika mchana. Ni mnunuzi wa pamba. Watu binafsi waliporuhusiwa kununua pamba, alichoka kupaza sauti mnadani, akanunua mtambo. Nikamweleza juu ya vipindi vya bure. Alisimama kabisa. Ni neno analolipenda. Akauliza kama kipindi cha bure kinakunywa chai. Nikasema hapana, mzee. Akasema Sista huwa anakunywa, tena na sukari. Tukaafikiana haraka sana. Sikutegemea.


Alhamisi, 7 Agosti

Mzigo wa kwanza umefika! Boksi la kaseti za shirika moja la pwani, kutoka kwa wakala wao wa Mwanza, na barua ya kutushukuru. Wao wanatushukuru sisi!

Sikumwambia Sista. Nilitaka iwe jambo la kumshangaza. Akaja mbio kutoka wodini, bado yuko kwenye gwanda jeupe, mkononi ana karatasi zake za kuharisha kwa watoto. Nikamzuia mlangoni. Nikamwambia: leo nenda kapumzike, Sista, nafasi yako imepata kaseti.

Akauliza kaseti ya nani. Nikasema ya bure. Akauliza kama aje kesho. Nikasema kesho ni Nane Nane, apumzike. Na keshokutwa pia. Na siku zote! Nilinyoosha mkono kumwonyesha boksi lilivyojaa.

Akasema, "Kumbe."

Akakunja karatasi zake vipande vidogo vidogo, akaondoka polepole. Siku zote mwanamke huyu hutembea kama anayewahi kuzalisha. Leo polepole! Kupumzika kumeshaanza kufanya kazi.

Kipindi chenyewe kinahusu kilimo cha mwani. Mwani ni majani ya baharini. Kina sauti safi sana.


Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Sikukuu ya wakulima: uwanjani watu wengi, trekta moja. Nilimwona Philomena akiwa na manesi wenzake, wanakula karanga. Nikamsalimia, nikamuuliza za mapumziko. Akasema ni marefu.

Marefu! Ndivyo nilivyotaka. Wenzake wakaniangalia kama mtu aliyekanyaga kitu na hajui.

Nilikuwa nimevaa shati la mistari. Hakusema kitu juu ya shati.


Jumamosi, 9 Agosti

Mwani umeleta mwamko. Mama mmoja amekuja kuuliza mbegu zake zinapatikana wapi, na kama unastahimili funza wa vitumba vya pamba. Mzee mmoja ametembea tangu asubuhi ili kujua kama ng'ombe wanaula. Nikamwambia wataalamu wanalifanyia kazi. Akasema atasubiri. Akasubiri kwelikweli, kwenye benchi, mpaka nikampa chai.

Wote wawili, walipokuwa wanaondoka, waliuliza yule mayu, mama wa watoto, yuko wapi. Nikawaambia amepumzika. Mzee akavua kofia. Ilibidi nimfafanulie kwamba si kupumzika kwa namna hiyo.

Januarius alivuka barabara akiwa na uso wa harusi. Ana habari: Sista ameulizia pikapu ya kaka yake. Ya kubeba kitanda, kabati na godoro. Akaninyooshea kidole mpaka puani, akasema, "Wewe Luhende, unamsukuma mwanamke huku unamshikia mlango."

Wivu. Ameona muziki wake hautatakiwa tena, sasa tuna kaseti za bure. Kuhusu pikapu, ni jambo la kawaida. Mtu akipata mapumziko huanza kujali godoro.

Ila nimekula ugali nusu tu. Sijui kwa nini.


Jumatatu, 11 Agosti

Mzigo wa pili, wa Ulaya, kupitia hukohuko Mwanza. Kiswahili fasaha. Kipindi cha afya, ndicho hasa cha kujaza nafasi ya Sista! Mtaalamu anashauri tupunguze siagi, tuvae soksi nzito na tutembee na mbwa angalau asubuhi na jioni. Mzee Masele amesikiliza hadi mwisho. Akasema hao wana maisha magumu.

Sasa. Kuna jambo nilikuwa silijui, ingawa nilikuwa nalitazama kila siku. Sista akimaliza kipindi, huwa hatoki moja kwa moja. Akina mama humsubiri nje wakiwa na watoto, naye hukaa kwenye ngazi akawatazama mmojammoja. Mimi nilidhani wanapiga soga.

Leo alikuja binti mwenye mtoto wa moto. Moto kweli, ukimshika unatoa mkono. Akauliza yuko wapi Sista. Nikamwambia kuna mtaalamu kutoka Ulaya, na nikamwongezea sauti. Mtaalamu akasema siagi. Binti akanitazama, machozi yakamjaa. Mtoto hata hakuwa na nguvu ya kulia.

Niliacha kaseti inazunguka peke yake. Nikamchukua mtoto, nikakimbia. Binti nyuma, mimi mbele, kandambili moja imebaki kwa muuza nyanya. Hospitali si mbali lakini leo walikuwa wameisogeza.

Philomena alimpokea bila neno. Mikono yake inajua. Baadaye, mtoto alipopata dripu na kuanza kulia vizuri, akaja kunawa mikono karibu yangu. Akauliza kama kaseti yangu haijui kupima joto. Hakucheka. Akasema Ijumaa anapeleka jibu kwa mganga mkuu.

Nikaona nimpe moyo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi na sisi, vipindi vya bure vipo mpaka Krismasi.

Akafunga bomba. Akasema nirudi kazini kwangu.


Jumatano, 13 Agosti

Andika, Luhende.

Mzigo wa tatu ulitoka Mwanza jana. Mchezo wa redio kuhusu wizi wa mifugo na amani vijijini. Umeigizwa na watu wetu wenyewe, wa huku usukumani. Nikasema ndio huu! Mzee Masele akapita duka hadi duka akiwahimiza watu wafungue redio kwa sauti ya juu saa kumi na moja. Sikuusikiliza kwanza. Kitu cha bure ukianza kukikagua, unaonekana huna shukrani.

Saa kumi na moja nikabonyeza, nikatoka nyuma kulijaza jenereta mafuta. Jenereta likiwa linanguruma, husikii hata mawazo yako. Kwa hiyo sikusikia. Katika mchezo, wezi wanaingia zizini, na mama mwenye ng'ombe anapiga mwano, yowe la kuita msaada.

Wale waigizaji hawakuigiza. Walipiga mwano wenyewe, wa kweli, wa kike, ule unaoanzia tumboni. Nani asiyejua mwano? Ukisikika, unaacha ulichoshika, jembe, kijiko au mke, unachukua fimbo na kukimbilia unakotokea. Asiyetoka anatengwa. Hapewi moto, hasalimiwi, na akifiwa anachimba kaburi peke yake. Mtu wa hapa hausikii mwano akafikiri. Miguu inatangulia.

Na mwano ulitoka kila duka kwa wakati mmoja! Kwa kinyozi, kwa fundi baiskeli, buchani, mashineni, kwenye geti la hospitali. Watu wa mashariki wakakimbilia magharibi, wa magharibi wakakimbilia mashariki. Wakakutana katikati na mapanga yao, wakaulizana wezi wako wapi. Muuza nyama alikuwa na kisu chake kikubwa. Mteja wa kinyozi alikuwa amenyolewa upande. Halafu mtu akapaza sauti: ni redioni! Wamevamiwa redioni! Wakageuka wote.

Mimi nimetoka nyuma na dumu langu. Mlango unagonga ukuta. Wa kwanza kuingia, mbele ya muuza nyama, mbele ya Mzee Masele, mbele ya mji mzima: Philomena. Kanga ya nyumbani. Kiatu kimoja. Mkononi mwiko, na ugali umeushika.

Aliukamata ukosi wangu. Akanigeuza. Akanigeuza tena. Akapapasa kichwa, shingo, mgongo, akiuliza wamenikata wapi, wamenikata wapi, niseme. Nikasema hakuna aliyenikata, Sista, huu ni mchezo sehemu ya tatu.

Akakaa chini kwenye gunia la pamba. Akafunika uso kwa mikono miwili, mwiko ukiwa bado katikati ya vidole. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Nikamwambia ugali wake utakuwa umeungua.

Akanipiga na mwiko. Begani. Si kwa nguvu.

Hapo ndipo umati ulipoingia. Nyuma yao Mzee Mboje, mtemi wa sungusungu, walinzi wetu wa jadi, amevaa koti licha ya joto. Akausikiliza mtambo ukiendelea na mchezo wake. Akauliza kwa upole sana nani alipiga mwano. Nikaonyesha kaseti. Akaiangalia mbele na nyuma. Akasema kesho asubuhi, dagashida, mkutano wa wote, karibu na ghala la pamba. Mwano wa uongo haujawahi kupita hivihivi, na hautaanza na mimi.

Najiuliza mambo mawili. La kwanza, Sista alijuaje, wakati nyumba yake iko nyuma ya hospitali kabisa? Maana yake alikuwa anatusikiliza. Kipindi si chake tena, na bado anatusikiliza! Uaminifu wa namna hiyo umeadimika.

La pili, mbona alikimbia hivyo? Anaogopa sana kutengwa, maskini.


Alhamisi, 14 Agosti

Dagashida ilijaa. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, mimi katikati kwenye kigoda kifupi, magoti yakiwa karibu na masikio.

Mzee Mboje akaniuliza aliyepiga mwano ni nani. Nikasema ni mama mmoja wa Mwanza. Aletwe. Nikasema simjui, yumo kwenye kaseti. Kaseti ilifunguliwa na nani? Na mimi. Mzee akawageukia watu, akasema mdomo ni wa anayeufungua. Wote wakaguna kukubali. Sikupata pa kupenya.

Nikajaribu kusema kipindi kilikuwa cha bure. Mzee Masele akaangalia mawingu kana kwamba hanijui.

Adhabu, yaani mchenya: mbuzi na mchele, vipikwe na viliwe na kila aliyekimbia. Januarius akasimama, akasema yeye alikimbia umbali mrefu kuliko wote, hivyo anastahili paja. Mashahidi wakasema ni kweli alikimbia mbali, ila alikuwa anakwenda upande wa pili. Akakaa.

Mbuzi ninaye. Ni beberu mweupe niliyekuwa namtunza kwa kazi maalumu, siku nitakayopata ujasiri wa kwenda kwa wazee wa mtu fulani. Nikasema haya, achukuliwe.

Hapo Mzee Mboje akauliza swali ambalo sikulitegemea. Ipikwe kwa nani? Maana mchenya hupikwa kwenye moto wa aliyekosa, na mwanamke wa nyumba yake, ili aibu iliwe hapohapo iishe. Nikasema nina jiko la mkaa na sufuria moja, tunatumia pamoja na ofisi. Watu wakatikisa vichwa. Mama yangu alishafariki, dada yangu ameolewa mbali. Mtu hana moto! Mzee Mboje akakuna kidevu, akasema basi hapa kuna tatizo kubwa kuliko mwano.

Philomena akasimama upande wa wanawake. Gwanda jeupe, limepigwa pasi.

Akasema, "Ipikwe kwangu."

Vichwa vyote vikamgeukia. Mzee Mboje akamuuliza, "Mayu, unajua ulichosema?" Philomena akasema anajua. Akauliza tena, mara ya pili, kama desturi inavyotaka. Philomena akajibu kwamba amesubiri mtu mwingine aseme tangu masika ya mwaka juzi, lakini mtu huyo anaongea kutwa nzima redioni na mdomo hana.

Vigelegele! Wanawake wote, na baadhi ya wanaume. Mzee Mboje alicheka mpaka akafungua koti. Mzee Masele akanishika mkono, akasema hongera. Januarius akavua kofia, akasema haki ya Mungu, huyu bwana ana bahati ya mjinga.

Mimi nikasimama, nikamshukuru Sista hadharani kwa kutuazima jiko.

Walicheka hadi nikaangalia kama zipu yangu imefungwa. Ilikuwa imefungwa.


Ijumaa, 15 Agosti

Mbuzi ameliwa. Mchele umetosha. Mzee Mboje amesema aibu imekwisha.

Watu walipoondoka nilibaki kuosha masufuria. Philomena akavuta kigoda, akakaa karibu na karai. Akanieleza. Alinieleza taratibu, kama anavyowaeleza akina mama namna ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari: kwanza hiki, halafu hiki, umeelewa mpaka hapo? Nilikuwa nasema ndiyo. Alipofika mwisho, sufuria iliniponyoka.

Yaani. Mimi!

Asubuhi alikwenda kwa mganga mkuu akamwambia Malampaka haendi, watafute mwingine. Alikuwa amekwishafunga kabati kwa kamba. Amelifungua.

Akasema mengine pia, na nimeahidi kuyashika. Kwamba wodi ndiyo inamchosha. Redioni ndipo anapopumzika. Kwamba pale kwenye gunia la pamba, akiwa amevua viatu, ndipo mahali pekee katika Bariadi ambapo hakuna anayemwamsha. Kwamba siku ile nilipomzuia mlangoni alikwenda nyumbani akalia, kisha akafungua redio ili asikie kama nitasema jina lake. Akasikia mwani.

Nilitamani niingie ndani ya karai.

Akanitaka niape nisiweke tena kaseti mahali pa mtu. Nikiwa na la kusema, niseme kwa mdomo wangu, hata likitoka limepinda. Nikaapa, mikono ikiwa na sabuni. Akacheka. Akanipangusa povu kwenye sikio.

Siandiki zaidi. Nimekaa tu.


Jumapili, 17 Agosti

Kipindi cha Sista kimerudi. Jana akina mama walijaa mpaka kwenye ngazi za Januarius, naye akazima spika bila kuambiwa. Yule mtoto wa moto alikuwepo, anatafuna kona ya barua ya Ulaya. Mzee Masele amekubali kuhusu chai. Sukari bado tunazungumza.

Sasa jambo la Jumamosi ijayo. Tunakwenda Lalago kwa baba yake mkubwa, Mzee Constantine, aliyemlea Philomena tangu mdogo. Nilidhani nitatuma mshenga, kama mtu yeyote mwenye akili timamu. Mzee ametuma salamu: mshenga hamtaki. Wamepita washenga wengi pale, wote wana maneno matamu. Safari hii anataka kumsikia mwanamume mwenyewe, kwa mdomo wake, aseme anamtaka binti kwa nini.

Nimejaribu. Tangu jana najaribu. Nilimkalisha kuku kwenye kiti kama ndiye Mzee Constantine, nikamwamkia kwa Kisukuma, mwadila, vizuri kabisa, nikafungua mdomo. Hakuna. Kuku alisubiri kwa heshima, kisha akashuka. Philomena anasema haidhuru, nikifika nitaongea tu, yeye atakuwa pale, na akiniona nimekwama atakohoa.

Simtaki akohoe mbele ya wazee. Nampenda mno, siwezi kumwacha katika hali hiyo. Nimewaza, na kwa bahati nzuri jibu lipo! Shirika moja la Mwanza lina mfululizo wa mafunzo ya ndoa, na katika sehemu mojawapo kuna bwana anayejieleza mbele ya wakwe. Kondakta ameisikia. Anasema sauti nzito, maneno yamepangika, ameweka na mithali, na mwishoni anataja ng'ombe kwa unyenyekevu mkubwa. Kaseti wanaitoa kwa yeyote anayeandika kuomba.

Barua imeondoka na basi la asubuhi.

Hii si kuvunja kiapo. Niliapa kutoweka kaseti mahali pa mtu, na mimi nitakuwepo palepale, pembeni ya redio kaseti, nimevaa shati la mistari. Nitamwamkia mzee mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nitakaa. Nitabonyeza.

Wala sirudii kosa la Jumatano. Safari hii nitaisikiliza kwanza. Upande mmoja tu, nisimalize betri.